Mwenye tundu ndiye mwenye vumbi

Wahenga walituachia wosia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wosia huo tunaurudia kila uchao, madarasani na mikutanoni. Hawakutuambia, hata hivyo, tufanye nini na vumbi la ukuta huo tunapoutoboa. Hilo wametuachia sisi tulioishi hata tukaziona drili za umeme, nasi, kwa maoni yangu, tumelipuuza.

Mimi ni mkazi wa Loresho, viungani magharibi mwa jiji la Nairobi. Mtaa huu uliosifika kwa nyumba za chini zenye bustani pana unabadilika sura. Nyumba za zamani zinaongezwa vyumba au zinabomolewa, na mahali pake panainuka nyumba za ghorofa. Kila anayehamia hutaka televisheni itundikwe ukutani, mapazia yashikwe na vyuma, kamera za ulinzi zifungwe na waya za intaneti zipenyezwe kutoka chumba hadi chumba. Kila hitaji la aina hiyo ni tundu, na kila tundu lina vumbi lake. Swali ninalotaka tulitafakari katika makala haya ni jepesi kuuliza ingawa si jepesi kujibu: vumbi hilo ni la nani?

Hebu tuitazame kazi yenyewe inavyofanywa. Fundi, aghalabu kijana kutoka Kangemi, mtaa jirani, huja na drili yake mkobani. Huinua mikono juu ya kichwa, hufumba jicho moja, na kuanza kutoboa huku unga wa ukuta ukimmwagikia usoni. Akimaliza, huweka mdomo kwenye tundu na kulipuliza ili msumari wa plastiki uingie vizuri. Unga uliobaki humrudia puani. Kisha huja mfanyakazi wa nyumbani na ufagio mkavu, akaliinua upya lile lililokuwa limeanza kutua. Na mwenye nyumba yuko wapi? Yuko nje, chini ya mti, akingoja kumalizike. Kati ya watu watatu wanaohusika na tundu hilo, aliyeliagiza ndiye pekee asiyelivuta vumbi lake.

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kiswahili kina kifusi na kina vumbi. Kifusi ni vile vipande, changarawe na unga mzito unaoanguka sakafuni. Kifusi ni kero: huchafua zulia, hukwaruza sakafu, huziba mifereji. Vumbi, nalo, lina matabaka. Liko lile linaloonekana likielea katika mwali wa jua, ambalo pua na koo hulikamata tukalipiga chafya au kulikohoa. Na liko jembamba zaidi, ambalo chembe zake hazifiki hata maikromita 10, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Hilo halionekani kwa macho. Huelea hewani kwa saa nyingi baada ya drili kunyamaza, na zile chembe ndogo kabisa hupita pua, hupita koo, zikafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Mimi napendekeza tuliite vumbi la mapafuni, madhali huko ndiko liendako. Ajabu ni kwamba juhudi zetu zote tumezielekeza kwenye kifusi. Sakafu ikishafagiwa, twasema chumba ni safi.

Ukuta wa Nairobi umejengwa kwa mawe, saruji na mchanga wa mtoni, ambao mwingi huletwa kwa malori kutoka Machakos na maeneo jirani. Mchanga wa namna hiyo umejaa madini ya silika. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili atashtuka kidogo, kwani neno silika tulilolizoea lina maana ya tabia ambayo mtu huzaliwa nayo. Silika ya madini ni neno jingine lililofanana nalo kwa sadfa tu. Imo ndani ya zege, ndani ya lipu, ndani ya vigae na ndani ya mawe ya graniti tunayoyapenda jikoni. Ikiwa imetulia ukutani haina neno. Ikisagwa na ncha ya drili ikawa vumbi la mapafuni, ni sumu. Huacha makovu katika mapafu, nayo makovu hayo huitwa silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Isitoshe, mwenye silikosisi yu hatarini zaidi kupatwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao nchi yetu ingali inapambana nao. Mwaka wa 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiorodhesha silika ya aina hiyo miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Walimu wa hisabati wataniwia radhi nikiingia shambani mwao kwa muda. Marekani, kwa kanuni ya mwaka wa 2016, mfanyakazi hatakiwi kuvuta hewa yenye zaidi ya maikrogramu 50 za vumbi hilo katika kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chukua chumba cha kulala chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30. Zidisha kwa 50, upate maikrogramu 1,500, yaani miligramu moja na nusu. Basi gramu moja tu ya vumbi la mapafuni la silika, ikitawanywa sawasawa, yatosha kuvifikisha kwenye kipimo hicho vyumba zaidi ya 600. Tundu moja lenye upana wa milimita 10 na kina cha milimita 60 hutoa gramu 10 hivi za ukuta uliosagwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya gramu hizo ni kifusi kizito, na kwamba si zote ni silika. Lakini mwanafunzi yeyote ataona kwamba hakuhitajiki sehemu kubwa.

Sitaki kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Anayetoboa tundu moja kwa mwaka ili kutundika picha ya harusi hatakufa kwa vumbi la tundu hilo. Madhara ya silika huja kwa kurudiarudia, mwaka baada ya mwaka, na hapo ndipo penye dhuluma ninayoisema. Mwenye nyumba ana alasiri moja ya vumbi. Fundi ana alasiri zote za ujana wake. Kifua kitakapoanza kumbana, huenda miaka 10 au 20 itakuwa imepita, na hakuna hata mmoja wa wateja wake wa Loresho, Lavington au Westlands atakayekumbuka jina lake.

Historia ya watu waliotoboa mawe mahali palipofungika ni ndefu, na haina mapambo. Kuanzia mwaka wa 1930, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, vibarua ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi waliotoka mbali kutafuta kazi walichimbishwa handaki la Hawks Nest, kwenye mwamba uliojaa silika. Mwamba huo ulitobolewa pakavu, bila maji ya kulilaza vumbi. Mamia walikufa kwa silikosisi. Mwaka wa 1935, taifa hilo hilo likiwa katika kumbukumbu za msiba huo, wapenzi wa mafumbo ya maneno walibuni neno la Kiingereza lenye herufi 45 kuwa jina la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi jembamba la silika. Wanafunzi wetu wengi huliimba neno hilo kwa majisifu kuwa ndilo refu kuliko yote. Laiti kila anayelikariri angeambiwa lina maana gani!

Barani kwetu, wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, wakiwemo vibarua kutoka Lesotho, Msumbiji na Malawi, waliligharamia vumbi kwa vifua vyao kwa zaidi ya karne moja. Ilikuwa mwaka wa 2019 ndipo mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha mapatano ya fidia ya randi bilioni 5 baina yao na kampuni za migodi. Karibu zaidi, huko Mererani nchini Tanzania wanakochimba tanzanaiti, watafiti walipopima hewa ya mashimoni walikuta vumbi jingi mno wakati wa kuchoronga mwamba. Bila shaka chumba cha kulala si mgodi. Lakini silika ni ile ile, na pafu ni lile lile. Tofauti ni kwamba mchimbaji anajua yumo mgodini, ilhali fundi wetu anadhani yumo nyumbani mwa mtu.

Labda msomaji atauliza, mwanaisimu ana haja gani na mapafu? Anayo, tena kubwa. Jambo la kwanza tunalowafunza wanafunzi wa fonetiki ni kwamba takriban sauti zote za lugha yetu huundwa kwa hewa itokayo mapafuni. Pumzi ndiyo malighafi ya usemi. Mwalimu asiye na pumzi ni sawa na mwashi asiye na mwiko. Nimewahi kufundisha somo hilo hilo katika ukumbi wa chuo kimoja huku ukuta wa upande wa pili ukitobolewa ili nyaya zipitishwe. Wanafunzi walikohoa saa nzima, nao wasimamizi walipoulizwa walijibu kwamba kazi haiwezi kungoja. Tulikuwa tukijifunza habari za pumzi huku tukinyimwa pumzi yenyewe.

Jambo hilo si geni mashuleni. Tangu mpango wa serikali wa kupeleka tableti katika shule za msingi uanze mwaka wa 2016, na sasa maabara za sekondari za msingi zinapoendelea kujengwa, kuta nyingi zimetobolewa ili kupitisha umeme, kufunga rafu na kutundika mbao mpya. Mara nyingi kazi huangukia siku za masomo kwa kuwa fundi alipatikana siku hiyo. Walimu waliozoea kula vumbi la chaki huliona la drili kuwa ndugu yake. Si ndugu yake. Chaki ni chokaa au jasi, na madhara yake ni madogo ukiyalinganisha na ya zege iliyosagwa. Tena, mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima.

Ipo pia hatari ambayo haistahili kujadiliwa sana bali kuepukwa kabisa. Baadhi ya majengo ya zamani, zikiwemo shule na nyumba za serikali, yangali na paa za asbesto, bidhaa ambazo Kenya ilizipiga marufuku mwaka wa 2006. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Paa au dari inayoshukiwa kuwa ya asbesto isitobolewe, isikatwe, wala isisuguliwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ina utaratibu wake wa kuiondoa na kuizika, na kazi hiyo ni ya waliopewa leseni.

Kwa tundu la kawaida, dawa haiko mbali wala si ya bei kali. Kwanza, chumba kitayarishwe: vyombo, vitanda na vyakula vitolewe au vifunikwe, mlango wa ndani uzibwe kwa karatasi ya plastiki, dirisha la nje lifunguliwe, feni izimwe. Wasiohusika, hasa watoto na wenye pumu, watoke. Pili, vumbi likamatwe linapozaliwa, kabla halijaenea. Mtu wa pili ashike mpira wa mashine ya kufyonza vumbi karibu kabisa na ncha ya drili. Mashine hiyo iwe na chujio la daraja la juu, lile linaloandikwa HEPA. Bila hilo hulimeza vumbi upande mmoja na kulitema lililo jembamba zaidi upande wa pili. Wengine hubandika bahasha iliyofunuliwa mdomo chini ya tundu. Ni hila njema, lakini ijulikane kwamba bahasha hukamata kifusi tu. Vumbi la mapafuni huipita. Maji hulilaza vumbi vizuri sana, ila yasimwagiwe drili ya kawaida ya umeme, kwani tutakuwa tumemwokoa fundi na silika na kumuua kwa shoti. Yatumike tu pale chombo chenyewe kilipoundwa kwa ajili hiyo.

Tatu, fundi avae miwani ya kazi na barakoa inayoshika uso barabara, ile iliyoandikwa N95 au FFP2. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe zisizoonekana. Nne, tundu lisipulizwe kwa mdomo. Lifyonzwe kwa mashine. Mwisho, ufagio mkavu uwekwe kando. Sakafu, kuta na madirisha yapanguswe kwa kitambaa chenye majimaji, kifusi kifungwe mfukoni, na fundi akung'ute na kubadili nguo kabla hajaenda kumpakata mtoto wake.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba mafundi wenyewe hawataki kuvaa vitu hivyo. Madai hayo yana ukweli fulani. Barakoa huleta joto, huchosha, na mwenye kuivaa huchekwa na wenziwe. Lakini tutazame jinsi anavyolipwa. Fundi wa kibarua hulipwa kwa tundu au kwa siku. Akiongeza saa moja ya kuziba milango na kupangusa, saa hiyo haina malipo. Akiongeza gharama ya barakoa na mashine, mwenzake asiyevaa chochote atataja bei ya chini, naye ndiye atakayepewa kazi. Kumlaumu mtu kwa kutojikinga huku tukimtuza anayejikinga kwa kumnyima kazi ni unafiki. Soko hilo halimilikiwi na fundi. Ni letu sisi tunaosema, "Hiyo ni bei kubwa, punguza."

Nitaambiwa pia kwamba ipo sheria. Naam, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe ni kwa muda au kwa kudumu. Sebule ya Loresho haikutengwa. Tatizo ni kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na kijitabu kilichomo ndani ya sanduku la drili huandikwa kwa Kiingereza, Kichina, Kijerumani na lugha nyinginezo za mbali. Picha ndogo ya mtu aliyevaa barakoa huchapishwa ukurasa wa tatu, na kijitabu hutupwa pamoja na sanduku. Fundi wetu hufunzwa kazi kwa Kiswahili, huagizwa kwa Kiswahili, hubishania bei kwa Kiswahili. Anaonywa kwa lugha asiyoitumia kazini.

Katiba ya mwaka wa 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo pamoja, ni vigumu kuona kwa nini Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lisidai kwamba kila drili inayouzwa nchini iwe na onyo la Kiswahili lililobandikwa kwenye chombo chenyewe, mahali ambapo jicho la fundi hupita.

Kuna wanaoamini kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Wasahau? Neno barakoa hapo kale lilikuwa la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa pwani na wa Omani. Korona ilipobisha hodi mwaka wa 2020, neno hilo lilitoka kamusini likafika stendi za matatu katika majuma machache tu, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Keekee ya kutobolea mbao imekuwa mikononi mwa maseremala wa pwani tangu enzi na enzi, na kutoboa, kupekecha na kuchoronga ni vitenzi vyetu. Kinachokosekana si msamiati.

Basi nina maombi matatu. Kwa walimu wa Kiswahili: mnapofundisha sajili katika isimujamii, msiishie sajili ya mahakamani na ya hospitalini. Watumeni wanafunzi wakasikilize sajili ya ujenzi, kisha waandike maagizo ya ukurasa mmoja ya kumkinga fundi na vumbi, kwa maneno ambayo fundi mwenyewe atayakubali. Hiyo ni insha yenye msomaji wa kweli. Kwa vyuo vya ufundi, kikiwemo cha Kabete kilichoanza kuwafunza Waafrika kazi za mikono mwaka wa 1924: kulidhibiti vumbi kuwe sehemu ya mtihani wa vitendo, na anayetoboa vizuri huku akijaza chumba vumbi ahesabiwe ameshindwa. Kwa wakuu wa shule: matundu yangoje likizo.

Na kwetu sote tunaoagiza kazi, ombi langu si ombi bali ni deni. Tunapouliza bei ya tundu, tuulize na bei ya kulizuia vumbi lake, tuilipe bila kunung'unika, na tusimruhusu mtu aanze kazi bila kinga hata kama mwenyewe yu tayari. Ukuta ni wetu. Tundu ni letu. Pumzi ya kijana aliyelitoboa haikuwamo katika bei.